Shilingi ya utafiti hurudi lini, na kwa nani?

Katikati ya miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey alianza kutafuta muhogo utakaostahimili batobato, ugonjwa wa virusi. Mihogo ya Tanganyika ilikuwa ikikunjamana majani na kudumaa, na kila aina iliyojaribiwa, ya kienyeji au ya kuletwa, haikufua dafu. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols wakauchanganya muhogo na ndugu yake wa jamii moja, Manihot glaziovii, mti uliopandwa kwa wingi enzi za Wajerumani ili kukinga utomvu wa mpira. Watoto wa kwanza wa mchanganyiko huo waliuhimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Ikabidi warudishiwe damu ya muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi. Kazi ilichukua miaka ishirini hivi, ikapita katikati ya vita kuu, ikabadilisha mikono, na iligharimiwa na fedha za serikali.

Programu hiyo ilipofikia mwisho mwaka 1957, ofisa yeyote wa Hazina angekuwa na haki ya kuuliza imeleta nini. Katika hesabu za Tanganyika za mwaka ule hapakuwa na mstari hata mmoja uliokua kwa sababu ya mihogo ya Amani.

Ila mbegu zilikuwa zimeshasafiri. Baadhi zilipelekwa Nigeria, na huko kukapatikana mche uliopewa namba 58308. Mwaka 1971 mtafiti kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn, alifika katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, jijini Ibadan, akautumia mche huo kama mzazi. Matokeo yake ni jamii ya mihogo iliyoitwa TMS, maarufu zaidi ikiwa TMS 30572, iliyozaa takribani asilimia 40 zaidi ya mihogo ya kienyeji hata bila mbolea. Nigeria ikaipita Brazil na kuwa mzalishaji mkubwa wa muhogo kuliko nchi zote duniani. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali kuliko ile ya zamani ilianza kufyeka mashamba ya Uganda, na wakulima wa wilaya nyingi wakaacha kabisa kupanda zao hilo. Moja ya aina zilizolirudisha shambani miaka ya 1990 ni TMS 30572, safari hii kwa jina la Migyera. Yaani fedha iliyotumika Amani ilizaa Ibadan, ikarudi Afrika Mashariki karibu miaka sitini baada ya kazi kuanza.

Nimeanza na muhogo kwa sababu swali la kama fedha za umma zinazowekwa kwenye utafiti hukuza uchumi hujibiwa mara nyingi kwa chati inayolinganisha mataifa, na chati hiyo huwapotosha watu wa pande zote mbili. Wapo wanaoona kwamba Korea Kusini na Israel hutumia asilimia 5 ya pato la taifa au zaidi kwa utafiti, ilhali nchi nyingi za Afrika hazifiki hata nusu asilimia, wakahitimisha kwamba dawa ni kupandisha asilimia. Wapo wanaojibu kwamba matajiri hutafiti kwa sababu ni matajiri, na nchi maskini ijenge barabara kwanza, sayansi itafuata. Wote wawili wanaangalia namba ya mwisho bila kuuliza shilingi imepita wapi hadi ikafika hapo.

Njia yenyewe ilianza kuonekana wazi mwaka 1957, mwaka uleule Amani ilipofunga kazi ya muhogo. Mchumi wa Marekani Robert Solow alichukua takwimu za nchi yake za mwaka 1909 hadi 1949, kipindi ambacho uzalishaji wa mfanyakazi kwa saa uliongezeka maradufu. Akajiuliza ni sehemu gani ya ongezeko hilo imetokana na kuongezeka kwa mashine na majengo kwa kila mfanyakazi. Jibu lilikuwa sehemu moja tu kati ya nane. Sehemu saba zilizobaki zilitokana na kitu ambacho hakikuwa mtaji wala wingi wa saa za kazi, nacho ni namna bora ya kufanya mambo. Wachumi wakakiita masalio, kwa kuwa ndicho kilichobaki baada ya kutoa kila walichoweza kukipima. Utafiti si kitu pekee kilichomo ndani ya masalio hayo. Elimu imo, na mpangilio wa kazi umo. Lakini tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba nchi inaweza kukua kwa muda mrefu kwa kuongeza mashine peke yake.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukimpa mkulima jembe la pili, la tatu na la nne, kila jembe linaongeza mavuno kidogo kuliko lililotangulia, kwa sababu mikono yake ni miwili. Maarifa hayana kikomo cha namna hiyo. Ujuzi wa jinsi ya kuingiza ukinzani wa batobato ndani ya muhogo haukupungua Usambara ulipotumika Ibadan, wala haukwisha Ibadan ulipovuka kwenda Uganda. Gharama ya kuupata hulipwa mara moja, na watumiaji wanaweza kuwa elfu moja au milioni mia. Paul Romer ndiye aliyeiweka hoja hii ndani ya hesabu za ukuaji mwaka 1990, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo.

Sifa hiyohiyo inayoyafanya maarifa yawe na thamani kubwa kwa taifa ndiyo inayoyafanya yawe biashara mbaya kwa mwenye kampuni. Muhogo hupandwa kwa pingili, na mkulima akiipata pingili nzuri humkatia jirani bure, jirani naye humkatia shemeji yake wa kijiji cha pili. Baada ya misimu michache aina hiyo imeenea na hakuna aliyemlipa mgunduzi senti. Hakuna kampuni itakayowalipa watafiti mishahara kwa miaka ishirini ili ije kuuza kitu ambacho kila mtu anakigawa. Wachumi Richard Nelson mwaka 1959 na Kenneth Arrow mwaka 1962 walilieleza jambo hili kwa ujumla: soko likiachiwa lenyewe litafanya utafiti mdogo kuliko unaohitajika, kwa sababu anayelipa hapati faida yote. Hapo ndipo sababu ya kodi kuingia maabara inapopatikana.

Lakini si kila utafiti uko hivyo, na mfano mzuri wa tofauti upo Kitale. Mwaka 1955 serikali ya Kenya ilianzisha hapo kazi ya kuboresha mahindi chini ya Michael Harrison. Aina zilizokusanywa Amerika ya Kusini zililetwa, na moja kutoka Ecuador ikachanganywa na mahindi ya Kitale. Chotara H611 ikatolewa mwaka 1964, ikizaa takribani asilimia 40 zaidi ya mzazi wake wa Kitale. Mbegu chotara ina tabia ambayo muhogo hauna: ukipanda punje ulizovuna mwenyewe, mavuno yanashuka, kwa hiyo mkulima hurudi dukani kila msimu. Kampuni ya mbegu ikapata biashara ya kudumu na ikawa na sababu ya kuifikisha mbegu hadi vijijini. Wakulima wadogo wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya waliipokea kwa kasi kubwa sana. Hata hivyo, miaka ile ya mwanzo, ya kukusanya, kujaribu na kushindwa, haikulipwa na duka lolote la mbegu. Serikali ilibeba sehemu yenye hatari, na biashara ikaingia pale faida ilipoanza kuonekana. Utaratibu huo ndio wa kawaida kuliko picha ya serikali kushindana na sekta binafsi.

Sasa kuhusu faida kwa namba. Utafiti wa kwanza mkubwa wa kuipima ulihusu pia mahindi chotara, ila ya Marekani, na ulifanywa na Zvi Griliches mwaka 1958. Namba iliyobaki vichwani mwa watu ni kwamba kila dola iliyowekezwa ilikuwa ikirudisha angalau asilimia 700 kwa mwaka. Namba hiyo ni ya kweli ikieleweka ilivyokokotolewa: ni faida ya kila mwaka ikigawanywa kwa jumla ya gharama zilizolimbikizwa hadi mwaka 1955. Ukizihesabu takwimu zilezile kama benki inavyohesabu riba, kwa kuzingatia kila dola ilitoka lini na faida ilianza lini, unapata kati ya asilimia 35 na 40 kwa mwaka. Kwa mwekezaji yeyote hiyo bado ni faida nono, lakini pengo kati ya 700 na 40 linaonyesha kwa nini hotuba za kuutetea utafiti zinahitaji kusomwa kwa makini. Anayetaja asilimia bila kueleza hesabu yake hajatuambia chochote.

Griliches mwenyewe alitoa onyo la pili, zito zaidi. Alisema kupima faida ya mahindi chotara ni sawa na kupima faida ya kisima cha mafuta kilichofanikiwa: visima vilivyochimbwa vikatoka vikavu havimo ndani ya hesabu. Utafiti mwingi hauzai. Mtu anayechagua mafanikio makubwa na kuonyesha faida yake anajibu swali tofauti na la waziri wa fedha, ambaye analipia visima vyote bila kujua kipi kina mafuta. Ndiyo maana kazi zilizofuata zimejaribu kuihesabu bajeti nzima, vilivyozaa na visivyozaa pamoja. Miongoni mwa za karibuni ni ile ya Andrew Fieldhouse na Karel Mertens, iliyofuatilia mabadiliko ya bajeti za utafiti za mashirika makubwa ya serikali ya Marekani tangu baada ya Vita Kuu ya Pili. Walitafuta mabadiliko yasiyotokana na hali ya uchumi wa wakati ule, ili kukwepa ule ubishi wa nani anamvuta nani kati ya utajiri na utafiti. Waligundua kwamba fedha za utafiti usio wa kijeshi zilipandisha tija ya biashara binafsi katika muda mrefu, na kwamba utafiti wa serikali unaeleza takribani robo ya ukuaji wa tija hiyo. Kwa matokeo hayo, na mengine yanayoelekea upande uleule, naamini jibu la jumla ni ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa kuliko bajeti zetu zinavyodhani.

Muda ndio unaowaponza wengi. Julian Alston, Philip Pardey na wenzao, waliochunguza kilimo cha Marekani, walikadiria kwamba fedha iliyotumika kwa utafiti huathiri tija kwa miaka hata 50, na athari hiyo hufikia kilele karibu mwaka wa 24. Iweke namba hiyo kando ya uchaguzi unaofanyika kila baada ya miaka 5. Serikali inayoanzisha utafiti si itakayokata utepe. Na serikali inayoufuta haiadhibiwi, kwa kuwa mavuno ya miaka kumi ijayo yanatokana na kazi iliyokwisha kufanyika. Madhara yake hujitokeza polepole, baada ya wahusika wote kustaafu. Sijui jambo jingine katika bajeti ya nchi ambalo ni rahisi hivi kulikata bila yeyote kulia.

Hesabu za taifa nazo haziusaidii. Kwa miongo mingi matumizi ya utafiti yaliandikwa kama gharama za uendeshaji, sawa na karatasi na umeme. Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 ndio uliosema yaandikwe kama uwekezaji, na Marekani ikaanza kufanya hivyo mwaka 2013. Hata sasa utafiti wa serikali huingizwa kwa gharama yake tu, kwa sababu hauuzwi sokoni na hauna bei. Maabara iliyotumia bilioni moja bila kupata kitu na iliyotumia bilioni moja ikaokoa zao zima huonekana sawa katika mwaka husika. Faida ya ile ya pili huonekana kwenye mistari ya kilimo, usafirishaji na viwanda, bila jina la mtafiti.

Na mara nyingi haionekani kama mapato ya mkulima. Mavuno yakiongezeka kila mahali, bei hushuka, na anayefaidika zaidi ni anayenunua chakula: fundi wa Lagos anayekula gari, yaani chenga za muhogo zilizokaangwa, mama lishe anayenunua unga. Mkulima wa mwanzo kupanda mbegu mpya hupata, wa mwisho anaweza hata kuumia, kwa kuwa anauza kwa bei mpya mazao ya mbegu ya zamani. Hili husemwa kama kasoro, na kwa familia hiyo ni kasoro kweli. Lakini kwa uchumi mzima chakula nafuu ndiyo njia yenyewe ya ukuaji: ujira uleule unanunua vingi zaidi, na vijana wa familia wanaweza kwenda kwenye kazi nyingine bila nchi kulala njaa.

Kuna kisa ambacho ndani yake hata mkulima hakuhitaji kununua wala kupanda kitu. Mwaka 1973 mdudu mdogo mweupe, anayeonekana kama amepakwa unga, alionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa na Brazzaville. Ni kidung'ata aliyetoka Amerika ya Kusini bila maadui zake wa asili, na katika miaka michache alienea karibu ukanda wote wa muhogo Afrika. Mwaka 1981 adui yake, nyigu mdogo sana, alipatikana Paraguay, na timu ya IITA iliyoongozwa na Hans Herren kutoka Uswisi ikamzalisha na kumwachia nchi baada ya nchi. Nyigu akaendelea na kazi peke yake. Tathmini ya mwaka 1988 ilikadiria kwamba kila dola moja ya gharama ilileta faida ya dola 149. Nani angeiuza huduma hiyo? Nyigu hajui mpaka wa shamba la aliyelipa na wa asiyelipa.

Hapa huibuka hoja inayosikika ya busara: ikiwa maarifa yanavuka mipaka bure, basi nchi ndogo isubiri wenzake wagharimie, kisha ichukue. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba kuchukua kwenyewe kunahitaji watafiti. TMS 30572 haikujiotea Uganda. Ilipaswa kujaribiwa katika udongo wa huko, dhidi ya virusi vya huko, na ilikuja kujulikana kwamba batobato ile kali ilihusishwa na kirusi kilichochanganyika kutoka aina mbili, kisichokuwepo Ibadan. Watafiti wa Namulonge, kituo cha utafiti cha Uganda, ndio waliofanya kazi hiyo. Korea Kusini, inayotajwa kila mara, ilianzia hapohapo. Taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, ilianzishwa mwaka 1966 kwa msaada wa Marekani, wakati nchi ikitumia chini ya nusu asilimia ya pato lake kwa utafiti, sehemu kubwa ikiwa ya serikali. Kazi ya miaka ile ilikuwa kuchagua teknolojia za nje, kuzielewa na kuzirekebisha ili viwanda vizitumie. Asilimia 5 ya leo inatumiwa zaidi na kampuni, nyingi zikiwa zimekua kwenye msingi huo. Kuiga asilimia hiyo kwa fedha za Hazina peke yake ni kuanza na paa.

Kwa hiyo malengo ya asilimia yasitupumbaze. Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa, na sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Fedha halisi hazijafika karibu na hapo. Lakini kinachonisumbua zaidi ni namna hata hizo kidogo zinavyokuja. Katika taasisi nyingi za eneo letu serikali hulipa mishahara, na fedha za kazi shambani hutoka kwa wafadhili kwa miradi ya miaka mitatu hadi mitano. Kupata aina mpya ya muhogo kwa njia za kawaida huchukua miaka minane hadi kumi. Mradi ukiisha katikati, miche inabaki bila wa kuipalilia, na mzalishaji mbegu aliyefundishwa kwa miaka mingi anahamia kazi nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa pamoja wa kilimo uliokuwa na makao Muguga, Kenya, uligawanywa, na kila nchi ikalazimika kuanza kujenga wa kwake.

Maarifa nayo huchakaa. Mahindi H614 yaliyotolewa Kenya mwaka 1986 yalitawala mashamba ya nyanda za juu kwa zaidi ya miongo miwili, muda mrefu kuliko mbegu yoyote inavyopaswa kukaa wakati hali ya hewa na magonjwa vinabadilika. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uliojitokeza Bomet ulikuta wakulima wengi hawana aina ya kukimbilia. Sehemu kubwa ya utafiti wa umma, basi, haiongezi mavuno hata kidogo. Inazuia yasiporomoke, na kitu kilichozuiwa hakionekani kwenye takwimu za ukuaji.

Tatizo la sasa linaonyesha mzigo unavyopaswa kubebwa. Michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku majani mara nyingi yakionekana mazima, ulielezwa kwa mara ya kwanza na Storey mwaka 1936, na kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa pwani tu. Tangu mwaka 2004 umeenea Uganda, kisha ukaingia nchi za Maziwa Makuu na mashariki mwa Kongo, ukielekea upande wa Nigeria. Kati ya wazazi wanaotumiwa leo kutafuta ukinzani ni Namikonga ya Tanzania, inayojulikana pwani ya Kenya kama Kaleso. Mche mmoja wenye majina mawili, uliotunzwa na wakulima. Tanzania ikigharimia kazi hiyo peke yake, wanaofaidika zaidi watakuwa wengine, na Wizara ya Fedha itakuwa na kila sababu ya kuipunguzia fungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kufufuliwa, sasa ina tume ya sayansi na teknolojia yenye makao Kigali. Kodi za nchi zote ambazo michirizi imefika au itafika zikiwekwa pamoja kwa miaka kumi bila kukatwa, hakuna atakayekuwa anailipia faida ya jirani.